Katekista, Shahidi wa Ufufuko Kigangoni
Katika majimbo mengi ya Kanisa Katoliki nchini Tanzania, ambako parokia moja huwa na vigango kadhaa, yaani makanisa madogo ya vijijini yanayofikiwa na padri kwa zamu, imani katika Ufufuko imetunzwa sana na katekista, mlei aliyekabidhiwa kazi ya kufundisha dini na kuongoza sala. Ndiye anayewaandaa wakatekumeni, yaani wale wanaojiandaa kubatizwa, hadi Mkesha wa Pasaka. Na panapotokea msiba ilhali padri yuko mbali, ndiye anayesimama ukingoni mwa kaburi, kitabu cha sala mkononi, akanyunyizia jeneza maji ya baraka, kisha jioni akarudi kwa wafiwa kusali rozari pamoja na wanajumuiya, wakati waombolezaji wengi wameshatawanyika. Ushuhuda huo, unaotolewa na mtu ambaye kesho yake hushika jembe kama jirani zake, ni mzito kuliko mahubiri mengi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliwasifu makatekista mwaka 1965, na tarehe 10 Mei 2021 Papa Fransisko akaifanya kazi yao kuwa huduma rasmi ya Kanisa; heshima hiyo wanaistahili kabisa, na waamini hawana budi kuikamilisha kwa kuwategemeza.