Georges Duby na Sauti ya Mtunzi: Usimulizi wa Kihistoria katika Guillaume le Maréchal

Miongoni mwa wanahistoria wa Enzi za Kati, Georges Duby (1919-1996) husomwa zaidi kwa ajili ya nadharia zake kuhusu ukabaila. Ni nadra kazi zake kuhakikiwa kama maandishi yenye msimulizi, mpangilio wa matukio na uteuzi wa lugha. Upungufu huu unashangaza, kwa kuwa Akademia ya Kifaransa, iliyomchagua kuwa mwanachama mwaka 1987, ni baraza linalothamini uandishi sawa na elimu. Makala haya yanakichunguza kitabu chake cha mwaka 1984, Guillaume le Maréchal, ambamo mwanahistoria anategemea takribani shairi moja tu.

Duby alizaliwa Paris na kusomea Lyon, ambako jiografia ilimvutia kabla ya historia. Tasnifu yake kuhusu jamii ya eneo la Mâcon katika karne za 11 na 12, iliyotolewa mwaka 1953, ilijengwa juu ya hati za watawa wa Cluny: hati za sadaka, za mauzo ya ardhi, na za ugomvi wa mipaka. Hapo ndipo alipodai kwamba karibu na mwaka 1000 mamlaka yaliwatoka watawala wakubwa yakaangukia mikononi mwa wenye ngome, dai ambalo Dominique Barthélemy alikuja kulipinga vikali mwaka 1992. Tasnifu hiyo ni ya mtu anayepima na kuhesabu. Mtindo ulibadilika katika kitabu cha mwaka 1973 kuhusu vita vya Bouvines vya tarehe 27 Julai 1214, ambamo mapigano yenyewe yanachukua nafasi ndogo kuliko swali la jinsi yalivyokumbukwa na kusimuliwa baadaye. Wakati huo Duby alikuwa akifundisha Collège de France, alikodumu tangu 1970 hadi 1991.

Shairi linalotegemewa na kitabu cha 1984 lina mishororo zaidi ya 19,000 yenye vina vya mbili-mbili. Lilitungwa katika miaka ya 1220 na mtu anayejitaja kwa jina la Jean tu, kwa amri ya mwana wa marehemu, ili kumtukuza Guillaume, aliyekuwa mpanda farasi wa kivita, bwana wa Pembroke, na hatimaye msimamizi wa ufalme wa Uingereza wakati wa utoto wa Henry III. Mtunzi anafuata mkondo wa maisha na kufikia kifo mwishoni. Duby anaupindua mpangilio huo. Anaanza na kifo cha mwaka 1219, na kukisimulia polepole kwa wakati uliopo, kana kwamba msomaji amesimama kando ya kitanda. Uamuzi huu wa kifani una uzito. Kifo kinakuwa sherehe ya hadharani ambamo mali, cheo na heshima vinagawanywa mbele ya mashahidi, na mambo yote yanayofuata yanasomwa kwa mwanga wake.

Hata hivyo, wakati uliopo huo huo ndio chanzo cha utata. Kadiri usimulizi unavyoendelea, mpaka baina ya sauti ya Jean na sauti ya Duby unafifia. Msomaji hajui daima ni nani anayempa Guillaume mawazo yake. Msomaji aliyezoea tenzi za kihistoria za pwani, kama vile Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima wa Hemedi bin Abdallah, atalitambua tatizo hili mara moja: utenzi humwonyesha shujaa jinsi mtunzi na hadhira yake walivyotaka akumbukwe. Duby analijua jambo hili, na sifa anazipunguza. Lakini baada ya kuziondoa sifa, anabaki na tabia, na tabia hiyo anaichukua kuwa ya kweli. Kwa vile shairi linasifu uaminifu na mkono hodari, yeye anahitimisha kwamba Guillaume alikuwa mtu wa akili finyu, asiyejua siasa. David Crouch, aliyezirejelea hati za utawala, aliipinga picha hiyo. Kosa hapa ni la kihakiki kabla ya kuwa la kihistoria: ukimya wa utanzu umechukuliwa kuwa ukimya wa mtu.

Panapohusu fedha, usomaji wa Duby ni wa kupigiwa mfano. Shairi linaeleza jinsi Guillaume na mwenzake walivyoteka wapanda farasi 103 katika mashindano ya kivita ya msimu mmoja, hesabu ikiwekwa na karani wa jikoni. Mtunzi anaitaja kama ushujaa; Duby anaonyesha kwamba ni biashara ya fidia, na kwamba kijana asiye na urithi hakuwa na njia nyingine ya kupanda ngazi ila ndoa. Ndoa hiyo ilikuja mwaka 1189, alipopewa Isabel de Clare, mrithi wa ardhi kubwa.

Kuhusu wanawake, Duby anashikilia kwamba dunia ya shairi ni ya wanaume peke yao. Dai hili lina ukweli mwingi, ila haliachi nafasi ya kutosha kwa tukio moja la ajabu: Guillaume anayekufa anawaita mabinti zake wamwimbie, na Jeanne anapoimba kwa haya, baba anamsahihisha namna ya kutoa sauti. Ni mishororo michache, lakini hakuna mahali pengine shairi linapowakaribia hivyo watu wasiokuwa na upanga.

Katika majuzuu matatu ya Dames du XIIe siècle (1995-1996), yaliyokamilika mwaka aliofariki, Duby anasisitiza kwamba Héloïse na Aliénor wanatufikia wakiwa taswira tu, zilizochorwa na wanaume kwa malengo yao. Tahadhari hiyo hakumpa Guillaume, ingawa naye alichorwa na kalamu iliyolipwa.