Bolti Ndani ya Mpira

Kila aliyeitazama kazi ile ya kunyamazisha mluzi wa injini, uwanjani Chwaka huku kisiwani kwetu, anaikumbuka dakika yenyewe. Fundi alichukua bolti ya spana 14, akaisukuma ndani ya mpira unaotoka kwenye kopo la kunasa mvuke wa oili kwenda manifoldi, akaibana kwa klipu mbili, akawasha gari. Mluzi ukawa haupo. Watu wakafurahi, mwenye gari akalipa, kazi ikahesabiwa imekwisha. Mimi nasema haikuanza. Kelele iliondoka kwa sababu injini ilizibwa pumzi, na injini iliyozibwa pumzi huanza kuharibika siku hiyo hiyo, hata kama inanguruma vizuri.

Tuirudie picha, maana wengi waliitazama bolti wakaisahau mipira. Gari ni Altezza yenye 3S-GE. Juu ya kava la valvu injini hii ina njia mbili za pumzi. Ya kwanza ina valvu yake ndogo ya springi, nayo huenda manifoldi. Hiyo ndiyo inayofyonza moshi wa ndani. Ya pili haina valvu, huenda kwenye bomba la hewa kabla ya throto. Hiyo huleta hewa safi kuchukua nafasi ya moshi uliofyonzwa. Moja inatoa, moja inaingiza. Aliyefunga kopo aliziunganisha zote mbili kwa kiungo cha T, akazipeleka kwenye mdomo mmoja wa kopo, na mdomo wa pili wa kopo akaupeleka manifoldi. Mlango wa kuingizia hewa safi hakuubakisha.

Hapo ndipo mluzi ulipozaliwa. Injini ikiwa silensa, manifoldi hufyonza kwa nguvu ya kama inchi 18 hadi 22 za zebaki. Nguvu yote hiyo sasa ilikuwa ikipitia ile njia isiyo na valvu na kulivuta tumbo la injini, na tumbo halikuwa na pa kuvutia hewa. Likaivuta palipokuwa na upenyo: chini ya midomo ya sili za krankishafti, kwenye stiki ya oili, kwenye mpira wa kifuniko. Hewa ikipita kwa kasi chini ya mdomo wa sili hulia. Ndiyo maana mluzi ulikuwepo gari likiwa limesimama, na ulikatika kila alipokanyaga mafuta: throto ikifunguka, mvuto wa manifoldi hushuka. Dalili ilijieleza mbele ya watu wote. Fundi alikanyaga mafuta mara kadhaa, akasikia mluzi unakatika na kurudi, na bado akaenda kutafuta bolti.

Angefungua kifuniko cha kujazia oili, basi. Hakuna spana, hakuna mashine ya kusomea, hakuna kununua kitu. Kifuniko kingemng'ang'ania mkononi kwa mvuto, na kingeachia tu, mluzi ungekatika papo hapo na silensa ingebadilika. Jibu lote lingekuwa pale: tumbo linavutwa kupita kiasi kwa sababu hewa safi haiingii. Dawa yake ni kuiondoa ile T, mpira wa pili urudi kwenye bomba la hewa, na kopo libaki upande wa valvu peke yake. Kazi ya dakika chache kwa mtu mwenye bisibisi.

Bolti ilifanya kinyume chake. Kila pistoni inaposukumwa na moto, sehemu ya gesi hupenya pembeni mwa ringi na kushuka chini. Injini mpya hufanya hivyo, injini iliyotumika Japani miaka kisha ikashushwa bandari ya Malindi hufanya zaidi. Gesi hiyo lazima itoke. Kwa kuwa njia zote mbili zilikuwa zimeshaunganishwa kwenye kopo moja, kuuziba mpira mmoja wa kutokea kuliziba injini nzima. Tumbo lililokuwa linavutwa sasa linajazwa. Gari likishika barabara ya kuelekea Dunga na dereva akaongeza mwendo, gesi huongezeka, shinikizo hupanda, na shinikizo halisubiri ruhusa. Litaisukuma stiki ya oili itoke kwenye kikombe chake, litatoa jasho kwenye gasketi ya kava la valvu, na litapita kwenye sili ya nyuma ya krankishafti. Oili ya sili ya nyuma humwagika palipo na klachi. Sili yenyewe si ghali; kinachokula pesa ni kushusha gia boksi ili kuifikia. Juu ya hayo, mvuke wa maji na masizi vilivyokuwa vikitolewa vinabaki ndani na kuigeuza oili tope. Kuiziba pumzi ya injini ili isipige mluzi ni kumziba mdomo mtoto mwenye homa ili watu wapate kulala.

Nimesikia utetezi kwamba mpangilio huu huu umefungwa kwenye magari ya Nairobi na haupigi kelele. Inawezekana kabisa, na sababu yake si ufundi. Nairobi iko juu, kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kipimo cha mvuto wa manifoldi hupungua kwa takriban inchi moja kila unapopanda futi 1,000. Injini ile ile, ikiwa silensa Nairobi, huvuta pungufu kwa inchi tano au zaidi kuliko inapowashwa Chwaka, ambako ukitoka uwanjani unakanyaga maji ya ghuba. Kosa linalonong'ona bara huku pwani linapiga kelele. Mwenye kunakili kazi ya wengine anakili na mwinuko wa mahali ilipofanyiwa.

Sehemu nyingine ya kazi hiyo, ukiacha brekiti ya kopo, ilikuwa safi: kopo lilikaa mbali na joto la ekzosti, lilikuwa na koki ya kumwagia chini, na mipira ilikatwa vipimo sawasawa.

Tatizo lingine ni makopo yenyewe. Mengi yanayouzwa ni matupu ndani, hayana vizuizi wala wavu, hivyo mvuke huingia na kutoka bila kugusa kitu cha kuugandisha, na oili huenda manifoldi kama kawaida. Kopo tupu la alumini nyembamba lina ubaya wa pili: hukuza sauti. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 750 kwa dakika huvuta hewa mara 25 kila sekunde, na kipande cha ndani cha ile valvu ya springi kikiwa kimechoka au kimegandiwa na utandu hucheza kwa mapigo hayo. Bila kopo usingekisikia. Ukikiwekea debe tupu mbele yake, utadhani injini inagonga. Hapo mafundi wetu hukimbilia waya wa kusugulia masufuria, wanaujaza ndani. Ule waya laini wa chuma hukatika vipande vidogo, na mvuto wa manifoldi unajua pa kuvipeleka. Kama huna budi kujaza, jaza wavu wa chuma kisichoshika kutu, mzito, uliobanwa usitembee.

Na ile mipira myekundu ya silikoni! Inapendeza boneti likifunguliwa, ukuta wake mwembamba, ikipata moto na mvuto inajikunja na kubanana. Mpira uliobanana nao hupiga sauti yake, ya kukoroma, na watu wanaifuata kwenye maunti za injini. Tumieni mpira wa oili wenye nyuzi ndani. Klipu nazo ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani upepo wa kusi unaopiga ufuo ule umebeba chumvi ya kutosha kuila klipu ya kawaida. Klipu iliyolika hulegea, na mpira uliolegea unalia.

Wazee waliokuwa wakihudumia malori ya Bedford kwenye kisiwa hiki walikuwa na injini rahisi zaidi: bomba moja linaning'inia chini ya injini, pumzi inatoka, inakwenda zake barabarani. Ile valvu tunayopigana nayo leo ilianza kulazimishwa kwenye magari mapya ya California mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa sababu ya moshi mijini. Wazee wale hawakuwa nayo, lakini walikuwa na jambo ambalo kazi ya Chwaka haikulionyesha hata mara moja. Walisikiliza kwanza. Mpira mrefu, ncha moja sikioni, ya pili inatembezwa taratibu: kwenye kava, kwenye sili ya mbele, kwenye kiungo cha nyumba ya gia boksi. Sauti inakwambia inapotokea kabla mkono haujagusa spana.

Na kwa wale wanaoniambia kopo ni mambo ya mbio, basi tuwazungumzie wanambio wenyewe. Joginder Singh alishinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1965 akiwa na kaka yake Jaswant ndani ya Volvo PV544, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, amekulia kwenye gereji ya baba yake. Maelfu ya kilomita za vumbi na matope haziendeshwi kwa injini ambayo mwenyewe hajui inapumulia wapi. Hata kanuni za FIA, chama cha dunia cha mbio za magari, zinalichukulia kopo kwa uzito: gari la mashindano lenye pumzi ya wazi lazima liwe na kopo la kupokea oili lisilopungua lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa inayozidi hapo, tena liwe linaonyesha kilichomo ndani. Mengi ya haya yanayofungwa mitaani hayafiki lita moja, na kilichomo hakionekani mpaka kifurike.

Hilo la kufurika linanikera zaidi kila masika. Hewa ikiwa na unyevu, kopo hujaa maji yaliyochanganyika na oili, rangi ya chai ya maziwa, na wenye magari huifungua koki palepale waliposimama. Chwaka ina mikoko, ina akina mama wanaolima mwani kwenye ghuba, na tangu 2004 sehemu ya eneo lile ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Mwagieni kwenye dumu, mpeleke dumu gereji.

Mwenye ile Altezza, kama anasoma: kaka, usiiwashe tena mpaka bolti itoke. T iondolewe. Mpira usio na valvu urudi kwenye bomba la hewa, na pale manifoldi ibaki njia ya valvu peke yake, ikipitia kopo. Halafu washa, acha ipate moto, fungua kifuniko cha oili: kinatakiwa kiwe na mvuto kidogo tu, karatasi nyepesi ukiiweka mdomoni pale ishikwe bila kunyonywa ndani. Kagua chini, kwenye maungio ya injini na gia boksi. Kukiwa kukavu, una bahati na sili imesalimika. Kukiwa na unyevu, futa, endesha siku chache, tazama tena kabla hujakubali kushusha gia boksi, kwa sababu sili iliyosukumwa muda mfupi mara nyingine hukaa sawa shinikizo likiondoka.

Brekiti ya kopo nayo iongezewe bolti ya pili na washa za mpira, kwani imeshikwa mahali pamoja tu na inatetemeka. Valvu ibadilishwe, haina gharama kubwa. Ukisikia bado tikitiki ndogo baada ya hapo, na valvu ni mpya, hiyo ni kazi yake. Iache ifanye kazi.