Fundi wa Nyaya na Fundi wa Mfupa

Pembe zilizopita Tabora katika karne ya 19, mabegani mwa wapagazi wa Kinyamwezi wakielekea Bagamoyo, zilikuwa meno: meno ya mbele ya taya la juu la tembo. Tembo huyatumia kuchimbia na kubandulia magome. Binadamu huyatumia ya kwake kung'atia, na wapo ambao hata hilo limewashinda. Taya lao la chini limelitangulia la juu. Mpe mmoja wao embe bivu. Atalikata kwa kisu, au atalisukumia pembeni kwenye magego.

Tiba ya taya hilo ina mafundi wawili, nami namsifu zaidi yule asiyeshika kisu. Wakati taya likikua, meno yalijitahidi kuficha kasoro: ya chini yakalalia ndani, ya juu yakainamia nje kuyafuata. Daktari wa kupanga meno huuvunja unafiki huo. Kwa nyaya huyasimamisha wima juu ya mfupa wake, kazi ya mwaka au zaidi, na kadiri anavyofaulu ndivyo kidevu kinavyozidi kujitokeza. Jirani lazima aulize hizo nyaya zinasaidia nini. Kumharibia mtu sura kwa hesabu, ukimwachia mwenzako aikamilishe, kunataka moyo. Tena kwa mtu wa Tabora anayetibiwa Dar es Salaam, kila nyaya zikikazwa ni nauli.

Mpasuaji naye si wa kubezwa. Husubiri ukuaji ukome, maana taya lililokatwa mapema laweza kutangulia tena. Njia inayotumika sana ni ya Hugo Obwegeser, iliyochapishwa mwaka 1957: mpasuaji hupitia ndani ya kinywa, uso usibaki na kovu, akaupasua mfupa ulio nyuma ya magego kwa urefu wake, pande mbili ziteleze, taya lirudi nyuma milimita chache. Vibamba vya titani na skrubu hulishikilia. Ndani ya mfupa huohuo umepita mshipa wa fahamu wa mdomo wa chini, kwa hiyo wengi huamka na ganzi. Huisha baada ya wiki au miezi, na kwa wengine haiishi kabisa. Mara nyingi taya la juu nalo husogezwa mbele.

Saa chache, mpasuaji amemaliza, na shukrani zote ni zake. Nyaya hubaki miezi kadhaa zaidi, mipira midogo ikiyavuta meno yakutane, na fundi wake bado anafukuzana na nusu milimita.