Kitabu Kimebaki Mkobani

Kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu James mjini Murang'a lilijengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Ukutani, Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu aliyesomea sanaa Makerere, alichora picha tano: kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na msalaba. Yote yanatukia Ukikuyuni. Biblia nzima ya Kikuyu ilikuwa imetoka 1951, lakini wengi walioketi mbele ya ukuta ule hawakuwa na njia ya kuifungua, maana hawakujua kusoma.

Kuna wanaodhani kumfundisha asiyesoma ni kupunguza somo. Mimi naona ndilo somo gumu zaidi. Msomaji akipotea hurudi nyuma ukurasa mmoja; msikilizaji hana pa kurudi, kwa hiyo mwalimu ndiye hubeba mpangilio wote.

Yupo katekista katika kigango kimoja upande wa Othaya ambaye darasa lake huchanganya vijana wa sekondari na mashosho, yaani akina nyanya, ambao hawakuwahi kukanyaga shule. Kitabu anacho, ila hukiacha mkobani. Siku ya Msamaria Mwema alisimulia kwa Kikuyu, polepole, na kuhani alipokaribia tu yule majeruhi, akanyamaza.

"Shosho, hebu endelea."

Shosho akaendelea, akamruka Mlawi. Jirani yake akamkatiza papo hapo: "Bado mmoja!" Katekista hakusahihisha kitu, darasa lilikuwa limejisahihisha. Kisha akawageukia vijana: yule mwanasheria aliyemjia Yesu aliuliza jirani yake ni nani, je, alijibiwa? Wakainamia Biblia zao za kwenye simu. Walikuwa wameyasoma maneno yale mara nyingi bila kugundua kwamba Yesu alimrudishia swali. Mashosho walisubiri kwa adabu, ingawa mmoja alikuwa na jibu tayari, ilionekana wazi.

Ninachokistahi ni kipimo cha katekista huyu. Huwa anajua ni jina lipi lirudiwe na ni lipi lipite, wala hamwongezei Msamaria kilio ambacho Luka hakumpa.

Hadithi, hata hivyo, hazitoshi. Utatu hausimuliki. Hapo hutumia ishara ya msalaba: paji la uso, kifua, bega, bega, akisimama kila mahali mkono unapogusa. Mashosho wameifanya maisha yao yote, basi huanzia kwenye kile ambacho mikono yao inakijua tayari. Kijana mmoja akauliza kwa nini Roho Mtakatifu apewe mabega mawili ilhali Baba ana paji moja tu. Darasa likacheka. Katekista pia akacheka, akasema hilo ni la Jumamosi ijayo, maana mvua ilikuwa inakuja na mashosho walikuwa na mlima wa kupanda.