Jibu la Malipo Yaliyokataliwa

Alasiri, barazani kwetu Makorora, binti wa jirani yangu hutandika mkeka na kufungua kompyuta. Anatengeneza programu ya malipo ya duka la vipuri lililoko Mombasa, kwa hiyo anatumia Daraja, mlango uliofunguliwa na Safaricom mwaka 2017 ili programu za watu wengine ziongee na M-Pesa.

Daraja hujibu mara mbili. Jibu la kwanza, 0, lasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka namba ya siri. Jibu lenyewe hufuata baadaye: 0 pesa imelipwa, 1032 mteja amekataa, 1037 simu haikupatikana.

Programu lazima ijaribiwe kwa kila jibu, lakini nani atakaa Mombasa akatae malipo mara hamsini kwa siku? Ndiyo maana binti ameandika seva ya kuiigiza Daraja ndani ya kompyuta yake. Humo huamuru atakalo: jibu lichelewe, lije mara mbili, lisije kabisa. Majaribio yote huisha kabla chai haijapoa.

Lakini ustadi wake niliuona mahali pengine. Jibu la malipo yaliyofanikiwa hubeba fungu la maelezo: kiasi, namba ya risiti, tarehe, namba ya simu. Mwanzoni alilinakili jibu hilo, akabadilisha 0 kuwa 1032, fungu akaliacha palepale. Majaribio yakapita. Kisha akaenda kwenye uwanja wa majaribio wa Daraja yenyewe, akamwomba kijana wa dukani akatae malipo, na programu ikaanguka. Katika jibu la kukataliwa, fungu lile halimo.

“Mjomba,” akaniambia, “nilikuwa najiuliza na kujijibu mwenyewe.”

Hakuitupa seva ya kuigiza, na hapo ndipo ninapomvulia kofia. Aliacha tu kutunga majibu kichwani. Sasa kila jibu hulichukua kwanza kwenye seva halisi, hulihifadhi kama lilivyo pamoja na tarehe yake, ndipo seva ya kuigiza hulirudia. Mamia ya majaribio hubaki hapa nyumbani. Kwa Daraja hupeleka matatu kabla ya kila toleo jipya: la kulipa, la kukataa, la simu iliyozimwa.

Matatu niliyaona machache mno. Akanieleza, bila haraka, kwamba hayo hayaipimi hesabu ya programu. Hesabu imekwisha kupimwa hapa barazani. Yanapima kama Daraja anayoiigiza bado inafanana na Daraja iliyopo, maana wenye seva huibadilisha wakati wowote wapendao. Sijapata kusikia mgawanyo wa kazi uliofikiriwa vizuri kuliko huo.

Jana alipiga simu ya mezani ya duka. “Kaka, izime sasa ile ya mkononi.” Akatuma ombi, akaweka mikono magotini, tukaingoja 1037.