Kichekesho Kikihamia Kwenye Katuni: Ralph, Fred na Mzee Ojwang'

Kila wanafunzi wetu wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha huko Kyondo na Bwera, wilayani Kasese, ombi lao huwa ni lile lile: wapatiwe katuni za kufundishia Kiswahili. Hoja yao tunaielewa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilipitisha kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari, ilhali vifaa ni haba, na wapo wazazi ambao bado wanakihusisha Kiswahili na amri za askari wa enzi ya Idi Amin. Katuni haina gwanda wala bunduki. Watoto wanacheka, somo linakwenda. Hata hivyo tunaona kuna swali lililorukwa: kichekesho kikiondolewa kwa mtu wa nyama na damu kikapewa mchoro, ni nini kinachobaki na ni nini kinachomwagika njiani?

Jaribio hilo lilikwisha fanywa zamani na wengine. Tarehe 30 Septemba 1960 televisheni ya ABC ya Marekani ilianza kuonyesha The Flintstones, katuni ya kampuni ya Hanna-Barbera iliyokusudiwa familia nzima na kurushwa saa za usiku. Mtu aliyekuwa ameona The Honeymooners ya miaka ya 1955 na 1956 hakuhitaji kuelezwa. Fred Flintstone ni Ralph Kramden aliyevalishwa ngozi ya mnyama. Ralph, aliyeigizwa na Jackie Gleason, ni dereva wa basi jijini New York. Fred ni mfanyakazi wa machimbo ya mawe. Kila mmoja ana jirani mpole asiye na akili nyingi, mke mwenye akili kumshinda, chama cha wanaume chenye kofia za ajabu, na mpango mpya kila wiki wa kutajirika upesi.

Lakini tazameni chumba. Nyumba ya akina Kramden ni chumba kimoja kinachoonekana karibu wakati wote: meza, viti, sinki, kabati la barafu la kizamani. Hakuna pazia la maana. Fred ana nyumba yake, ana gari, ana mnyama wa kufuga mfano wa dinosau, na jikoni tembo wa kale anamwaga maji kwa mkonga vyombo vioshwe. Wachoraji waliuondoa umaskini, nafasi yake wakaijaza vifaa. Mzaha wa vifaa hivyo ni mtamu mara ya kwanza na ya pili. Mara ya kumi unagundua kwamba ni mzaha mmoja tu.

Tena iko hasira. Ralph hukunja ngumi na kutishia kumrusha mkewe hadi mwezini, naye Alice husimama pale pale, mikono kiunoni, akimtazama mpaka ngumi ishuke yenyewe. Sisi hatukipendi kitisho kile, na hatungemwonyesha mwanafunzi bila kukijadili. Ila mchezo ule unajua hasira inatoka wapi: mshahara wa dereva wa basi, chumba kile, ndoto zisizotimia. Fred anapiga kelele tu. Kelele zake hazina chanzo, ndiyo maana hazimtishi mtu, na ndiyo maana hazibaki moyoni. The Flintstones ilifikia vipindi 166 hadi mwaka 1966. Vipindi 39 vya The Honeymooners, vilivyorekodiwa mbele ya watazamaji waliokaa ukumbini, vina uzito zaidi kwetu.

Je, hii ina maana mchoro daima hushindwa? La. Mwaka 1961 kampuni ile ile ilitoa Top Cat, paka wa uchochoroni mwenye genge lake, na hapa chanzo kilikuwa The Phil Silvers Show, habari za Sajini Bilko, mwanajeshi mlaghai kupindukia. Top Cat haikudumu hata mwaka mzima, vipindi 30 tu, lakini kama kazi ya kuhamisha kichekesho tunaiweka juu ya The Flintstones. Sababu ni kwamba uchekeshaji wa Bilko ulikuwa ulimini. Ni maneno yanayomiminika kasi: sifa za uongo, ahadi hewa, kumzungusha ofisa mpaka aone kwamba wazo ni lake mwenyewe. Ulimi huvuka mpaka bila kudaiwa kitambulisho. Hata Maurice Gosfield, aliyekuwa askari Doberman upande wa Bilko, alitia sauti ya paka mnene Benny. Kwa Gleason mambo yalikuwa mwilini, katika ule unene uliokuwa mwepesi wa ajabu, na katika kimya kabla ya kulipuka. Katuni za televisheni za wakati ule, zilizochorwa kwa haraka na kwa bei nafuu, hazikuwa na namna ya kuchora kimya.

Tuje nyumbani. Vitimbi ya KBC, Kenya, ni jamaa wa karibu wa The Honeymooners kuliko tunavyokiri: mume mwenye makuu, mke asiyedanganyika, ugomvi wa sebuleni. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alimwigiza Mzee Ojwang' kwa lafudhi ya Kijaluo ingawa mwenyewe alikuwa Mkikuyu. Lafudhi hiyo mchoro ungeibeba salama. Mwanafunzi wa fonolojia angeweza hata kuitumia kueleza kwa nini msemaji ambaye lugha yake ya kwanza haina "sh" hutamka "s". Lakini yale macho ya Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, mumewe anapoanza kueleza alikotoka, nani atayachora?

Hapa Kasese tunayo lafudhi yetu ya kuchezea. Vijana wa Kyondo wanaoteremka Bwera na soko la Mpondwe wanakisikia Kiswahili cha kutoka Kongo, ambako watoto ni "batoto", na baadhi ya wasemaji wake ni ndugu zao wa Kinande. Waambieni waigize mchuuzi na mteja mpakani, nao hawatahitaji tembo wa kuosha vyombo. Mwalimu atapata humo upatanisho wa kisarufi, lahaja na bei za samaki kwa mkupuo mmoja. (Atapata na makelele; achague saa ambayo mwalimu mkuu hayupo.)

Anayeshikilia katuni azingatie yaliyoipata The Simpsons mwaka 2005, MBC ilipoitafsiri kwa Kiarabu kwa jina la Al Shamshoon. Homer akawa Omar, akapewa sauti ya Mohamed Henedi, mchekeshaji maarufu wa Misri, na bia yake ikageuzwa soda. Mchoro haukuguswa kwa kiasi kikubwa, sauti ilikuwa ya bingwa, na bado watazamaji wengi hawakucheka. Mlevi aliyenyang'anywa kinywaji ni mzee mvivu tu. Kama katuni ya kigeni itatiwa Kiswahili kwa ajili ya shule zetu, tungependa kwanza tujue ni nani atakayeandika matusi yake madogo madogo, na kama amewahi kusimama Mpondwe siku ya soko.