Kulala Ndani ya Sanamu

Juu ya ubavu mmoja wa hoteli ya The Beaumont, mtaani Mayfair, London, amechuchumaa mtu wa chuma. Hana uso wala vidole. Goti lake ni boksi, bega ni boksi, kichwa ni boksi, na yote yamebanana kana kwamba mwili unajikusanya usipoteze joto. Ni kazi ya mchongaji Mwingereza Antony Gormley, ilizinduliwa mwaka 2014 kwa jina la ROOM. Ndani ya mwili huo mna chumba cha kulala, nacho hukodishwa kwa wageni.

Hoteli zinazodai kufuata sanaa kwa kawaida hutundika picha juu ya kitanda, zikaishia hapo. Gormley amefanya jambo zito zaidi. Kwa miaka mingi alitengeneza umbo la mwili wake mwenyewe kwa metali, na mara nyingi uwazi wa ndani ulibaki umefungwa, mtazamaji akiukisia tu. Safari hii ameuwekea mlango.

Kwanza nje. Jengo lenyewe ni la mwaka 1926, lilijengwa kuwa gereji, na uso wake wa mtindo wa Art Deco umepangwa kwa ulinganifu mkali. Sanamu inauvunja ulinganifu huo kwa kukaa upande mmoja. Hata hivyo haipigani na jengo: pembe zake zilizonyooka zinaitikia pembe za kuta, hivyo jicho huidhani sehemu ya ujenzi, hadi pale magoti yanapojitokeza. Kuchelewa huko kuutambua mwili ndiko ufundi wenyewe.

Ndani, mambo yanageuka. Mgeni hupita kwenye bafu la marumaru nyeupe, kisha hupanda ngazi na kuingia gizani. Kuta zote ni mbao za mwaloni zilizotiwa weusi. Upana ni mita 4 tu, lakini kimo ni mita 10, na vibao vya dirisha vikifungwa nuru yote hukatika. Ukilala chali, ni kama kulala chini ya kisima kikavu: kuta zi karibu na mabega, ila juu hakuna mpaka ambao jicho linaweza kuushika. Chuma cha nje kinautangaza mwili kwa jiji zima. Mbao za ndani zinaufuta. Aliye barabarani anaona umbo bila undani, aliye kitandani anapata undani bila umbo, na hakuna anayevipata vyote kwa wakati mmoja. Hapo ndipo ninapoiona kazi hii kuwa kubwa.

Kasoro yake haimo katika umbo. Imo katika bei. Mpita njia anapewa ganda, na giza lile, ambalo ndilo nusu bora ya kazi, linauzwa kwa usiku kwa wenye uwezo. Siku ambazo kitanda hakina mgeni, wenye hoteli wauache mlango huo wazi kwa watu wa mtaani pia.